Usingizi wa mtoto nao una historia

Ukisoma tafiti za Marekani utakuta jambo moja linajirudia: kwa wastani, watoto na vijana Weusi hulala saa chache kuliko wenzao Wazungu. Je, ni maumbile? Kabla hujajibu, hebu turudi nyuma kidogo.

Thomas Jefferson, mwenye watumwa wengi, aliandika katika kitabu chake kuhusu Virginia, kilichotoka London mwaka 1787, kwamba watu Weusi wanaonekana kuhitaji usingizi kidogo. Ushahidi wake? Eti baada ya kazi ya kutwa bado wanakesha wakijiburudisha, na alfajiri wanatakiwa kazini. Hakujiuliza mtumwa angepata saa zipi nyingine za kwake mwenyewe.

Sasa msikilize aliyeyaishi hayo. Frederick Douglass, katika kitabu chake cha 1845, anasimulia kwamba utotoni hakuwa na kitanda. Usiku wa baridi kali alikuwa akiiba gunia la mahindi, anajipenyeza ndani na kulala sakafuni, miguu ikibaki nje.

Utumwa ulikwisha, lakini miaka ya 1930 ramani za wakala wa serikali zilipaka mitaa mingi ya Weusi rangi nyekundu: hatari kwa mikopo ya nyumba. Watafiti wamekuta mitaa hiyo leo mara nyingi ina joto zaidi na kelele zaidi. Nani atalala vizuri hapo?

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anashauriwa kulala saa 8 hadi 10, awe wa rangi yoyote. Ukikutana na takwimu zile tena, anza kwa kuuliza analala wapi, na kwa nini ni hapo.