Mjomba na Mwarobaini

Wasanii wenzangu, mtu akituuliza uchongaji wa Wakamba ulianza lini, tunajibu upesi upesi: enzi za mababu. Nami nilijibu hivyo siku moja mbele ya mjomba wangu, mchongaji wa Changamwe. Akacheka, tezo mkononi.

"Mababu wapi? Babu yangu alikuwa mchunga ng'ombe, bwana."

Nikaenda kusoma. Kumbe kweli. Vigoda na vijiko vilichongwa tangu kale, lakini vinyago vya kuuza vilikuja na vita. Mutisya Munge wa Wamunyu alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914–1918, na huko akajifunza kwa Wazaramo kuchonga mpingo. Aliporudi kwao akaendelea kuchonga, majirani wakaiga, Wazungu wakanunua. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakawa na ushirika wao.

Basi sanaa yetu ina miaka mia moja na kidogo tu. Lakini tazama ilichokula! Mpingo ulipoadimika, watu wakageukia muhugu, mti unaokua polepole mno. Gogo la twiga mmoja huenda liliota kabla Munge hajazaliwa. Muhugu huo ukatafutwa hata Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, anakoishi bundi mdogo wa Sokoke. Yaani tulichonga wanyama kwa ajili ya watalii, huku tukibomoa nyumba ya mnyama mwingine.

Si wachongaji peke yao, la. Makaa na mashamba nayo yamekula miti. Na sasa hali ya hewa yenyewe imegeuka. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, jamaa zetu wa Ukambani walikuwa wakipiga simu: mahindi hakuna, je, huko kazi ya kuchonga ipo? Shamba likikauka, mtu hushika tezo. Na tezo inataka mti.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kuwahimiza wachongaji watumie mwarobaini, mti wa asili ya Bara Hindi unaokua haraka hata uani kwa watu. Mwaka 2005 vinyago vya mwarobaini vya Pwani vikapata cheti cha kimataifa cha FSC, kuthibitisha kwamba miti yake inavunwa bila kuharibu misitu.

Mjomba alinuna. "Huu ni mti wa dawa! Vumbi lake chungu, na usipokauka sawasawa unapasuka."

Twiga watatu walimpasukia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, anaanza upya kama mwanafunzi. Wa nne akasimama.

Ninaye mezani, shingo yake imepinda kidogo. Ninamtazama kila ninapochukua karatasi, maana karatasi nayo ni mti. Mjomba hakuacha sanaa, wala hakungoja muhugu urudi. Alibadili mti, mkono ukajifunza. Je, sisi wa kalamu tuko tayari kupasuka mara tatu?