Biashara ya Macho

Kijana akionekana ameinamia kioo cha simu usiku wa manane, wakubwa wake husema kwamba ni mvivu, au hana nia thabiti, au kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Lawama hii ni rahisi kutoa, na mambo rahisi hayakosi wasemaji. Lakini historia yatuonyesha jambo jingine. Simu haikuzaliwa na ndoana. Ndoana ilitiwa baadaye, kipande baada ya kipande, na watu wanaojulikana kwa majina, katika miaka inayojulikana, kwa ajili ya fedha. Insha hii yataka kuifuata ndoana hiyo tangu ilikotoka mpaka ilipofika mkononi mwa mwanafunzi, na kuuliza imemfanyia nini.

Mwaka 1833, katika mji wa New York, mpiga chapa mmoja wa umri wa miaka 23, jina lake Benjamin Day, alianzisha gazeti lililoitwa The Sun. Magazeti makubwa ya mji ule yaliuzwa kwa senti sita, bei iliyomshinda mtu wa kazi za mikono. Day aliuza lake kwa senti moja. Bei hiyo peke yake haikuweza kumtajirisha. Faida yake ilitoka kwa wenye maduka, waliomlipa ili matangazo yao yasomwe na watu wengi. Tazama, msomaji, jinsi biashara ilivyogeuka hapo. Zamani msomaji alikuwa mnunuzi na gazeti lilikuwa bidhaa. Sasa mnunuzi alikuwa mwenye duka, na bidhaa ilikuwa macho ya msomaji. Na kwa kuwa macho ndiyo yaliyouzwa, ilibidi yavutwe. The Sun lilijaza kurasa zake habari za wezi na walevi waliofikishwa mahakamani, na mwaka 1835 lilithubutu hata kuandika kwamba mwezini kumeonekana watu wenye mabawa kama ya popo. Ulikuwa uongo mtupu, lakini uliuza.

Redio ilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1922 kituo cha WEAF cha New York kilipokea malipo ili kutangaza nyumba za ghorofa. Kisha ikaja televisheni, ambayo ilifika Nairobi mwaka 1962. Kila chombo kilipokuja, wazazi na walimu walikiogopa. Mwaka 1933, mathalani, wataalamu wa Marekani walichapisha vitabu kadhaa juu ya madhara ya sinema kwa watoto, na wengi waliovisoma waliamini kwamba kizazi kizima kimekwisha kupotea. Hakikupotea. Kwa sababu hii wako watu wenye akili wasemao kwamba hofu ya leo juu ya simu ni hofu ileile ya sinema iliyovaa nguo mpya.

Maneno yao yana uzito, ila yamesahau jambo moja. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Sinema ilikuwa na mwisho, taa zikawashwa na watu wakaenda zao. Redio na televisheni za zamani zilifunga matangazo usiku, na asiyetaka kulala alibaki na ukimya. Isitoshe, gazeti halikumjua msomaji wake. Halikuweza kutambua kwamba huyu amesita kidogo mbele ya picha hii, na yule ameipita ile, kisha likajichapisha upya kwa ajili ya kila mmoja. Mambo hayo mawili, kukosa mwisho na kumjua mtazamaji, ndiyo yaliyoongezwa katika wakati wetu.

Kabla ya kufika huko, yatupasa kupitia kwa njiwa. B. F. Skinner alikuwa mwanachuoni wa Marekani aliyechunguza tabia za viumbe. Alimweka njiwa katika sanduku lenye kidude ambacho njiwa akikidonoa hupewa chakula. Chakula kilipotoka kwa mpango unaojulikana, njiwa alidonoa, akapata, akapumzika. Lakini kilipotoka bila mpango, pengine baada ya kudonoa mara tano, pengine mara hamsini, njiwa alidonoa kwa kasi na kwa mfululizo. Hata chakula kilipokatwa kabisa, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja bahati. Mwaka 1957 Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha kitabu kikubwa juu ya mambo hayo. Wenye mashine za kamari hawakuhitaji kukisoma, maana walikuwa wameijua siri hiyo kwa muda mrefu. Kisichotabirika humshika kiumbe kuliko kilicho hakika.

Sasa tufike mwaka 2004. Tarehe 4 Februari, Mark Zuckerberg, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alifungua mtandao uliokuja kujulikana kwa jina la Facebook. Mwanzoni ulikuwa kama kitabu cha majina na picha za wanafunzi: mtu aliingia, akamtafuta amtakaye, akatoka. Mwaka 2006 mtandao huo ulianza kumletea kila mtu mkondo wa habari za rafiki zake bila yeye kuziuliza. Mwaka huohuo fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho. Awali msomaji alipofika chini ya ukurasa ilimlazimu kubonyeza ili apate wa pili, na katika kituo hicho kidogo akili yake ilipata nafasi ya kuuliza, je, yatosha? Raskin alikiondoa kituo hicho, na baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Mwaka 2007 kampuni ya Apple iliuza iPhone ya kwanza, na ukurasa usio na mwisho ukapata mfuko wa kuingia. Februari 2009 Facebook ilitia kitufe cha kupenda, na mwaka huo Apple iliziruhusu programu za kila aina kupeleka arifa katika simu, hata programu yenyewe ikiwa imefungwa.

Ukiviweka pamoja vipande hivi utamwona njiwa. Mtu ametuma picha yake. Je, imependwa? Na wangapi? Hajui. Simu inalia, pengine ni sifa, pengine ni upuuzi. Anadonoa. Novemba 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alieleza mbele ya watu kwamba swali lililowaongoza wajenzi wake lilikuwa namna ya kuuteka wakati na fikira za watu kadiri iwezekanavyo, na kwamba walijua wanautumia udhaifu wa akili ya binadamu. Sijui ungamo jingine lililo wazi kuliko hilo katika historia yote ya biashara ya macho.

Lakini ndoana si jeraha mpaka ithibitishwe kwamba imeumiza. Hapa bahati iliwapa wataalamu kipimo kizuri. Facebook haikufunguliwa kwa watu wote siku moja. Ilianza Harvard, ikaenda Columbia, Stanford na Yale, kisha vyuo vingine kwa zamu, mpaka Septemba 2006 ilipofunguliwa kwa kila mtu aliyetimiza miaka 13. Ikawa kama mkulima aliyetia mbolea shamba moja na kuliacha la jirani, akaweza kuona tofauti. Wataalamu watatu wa uchumi, Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin, walichukua majibu ya wanafunzi wa vyuo hivyo juu ya afya yao, wakalinganisha vyuo vilivyokwisha kufikiwa na vile vilivyokuwa bado. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Mahali Facebook ilipofika, afya ya akili ya wanafunzi ilishuka, na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ziliongezeka. Kiasi cha athari hiyo kilikuwa karibu moja ya tano ya madhara ampatayo mtu aliyepoteza kazi.

Kwa nini? Wataalamu hao waliona kwamba sababu kubwa ilikuwa kujilinganisha. Mwanafunzi aliona karamu za wenzake, nguo zao na vicheko vyao, akadhani kwamba maisha yao yote ni karamu na kicheko. Hakuna aliyetuma picha yake akilia chumbani. Walioumia zaidi walikuwa wale waliokuwa na sababu ya kujiona wamepungukiwa, kama wale waliokaa mbali na chuo na kuyakosa mambo ya wenzao. Na hii, kumbuka, ilikuwa Facebook ya mwanzo, iliyotazamwa katika kompyuta iliyo mezani, kabla ya arifa na kitufe cha kupenda. Mtu angeweza kuinuka kitini akaiacha.

Uchunguzi wa pili ulikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2018, katika wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba huko Marekani, Hunt Allcott na wenzake waliwalipa watu waifunge Facebook. Waliofunga walipata takriban saa moja kila siku. Baadhi ya saa hiyo waliitumia pamoja na jamaa na rafiki, baadhi mbele ya televisheni. Walisema kwamba furaha yao imeongezeka, ingawa si sana. Vilevile walipungukiwa na habari za siasa. Napenda uchunguzi huu kwa kuwa haukuficha upande wa pili.

Na upande wa pili upo. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Uingereza walipitia majibu ya vijana zaidi ya 350,000, wakaona kwamba matumizi ya vyombo hivi yaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za hali njema baina ya kijana na kijana. Kwa mzaha wa kitaalamu walionyesha kwamba hata kula viazi kulihusiana na hali ya vijana kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hesabu yao siipingi. Lakini wastani huchanganya wasiochanganyika. Kijana anayezungumza na shangazi yake aliye Dubai, na kijana anayetazama miili ya watu asiowajua mpaka alfajiri, wamehesabiwa wote kuwa watumiaji wa vyombo. Mto wenye kina cha magoti kwa wastani waweza kumzamisha mtu mahali penye shimo.

Shimo moja laeleweka vizuri, nalo ni usingizi. Mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Mwaka 2015 wataalamu wa Boston walichapisha uchunguzi wa watu 12, waliosoma jioni, siku kadhaa katika kitabu cha karatasi na siku kadhaa katika chombo chenye mwanga. Mwanga ule ulipunguza melatonini, kemikali ya mwili inayoandaa usingizi, na watu walichelewa kulala kwa karibu dakika 10. Dakika 10 si nyingi, na waliosoma walisoma kitabu, kitu chenye sura na kurasa za kuhesabika. Aliye mbele ya ukurasa usio na mwisho huchelewa kwa saa nzima, si kwa sababu ya mwanga tu. Kesho yake darasani macho yapo wazi na akili imelala, na mwalimu ndiye anayeambiwa kwamba hesabu ni ngumu.

Je, wenye kampuni walijua? Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha karatasi za ndani za Facebook, zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake. Katika karatasi hizo watafiti wa kampuni yenyewe waliandika kwamba asilimia 32 ya wasichana waliobalehe walisema kuwa, wanapouona mwili wao vibaya, Instagram huwazidishia hisia hiyo. Oktoba mwaka ule Haugen alitoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani. Kampuni ilijibu kwamba maneno yale yametolewa nje ya muktadha wake. Mwaka 2023 majimbo zaidi ya 40 ya Marekani yaliishtaki, na baadaye Australia ilitunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, ya kuwazuia wasiotimiza miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa.

Liko kundi jingine lililotazama vioo kwa saa nyingi kuliko kijana yeyote, nalo lilikaa hapa kwetu. Ili mtandao upendeze machoni, sharti mtu autazame uchafu wake kwanza na kuuondoa: mauaji, mateso, watoto wanaodhulumiwa. Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ya Facebook kwa nchi nyingi za Afrika ilifanywa Nairobi, na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alizishtaki Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook, katika mahakama ya Nairobi, akisema kwamba kazi ile imemharibu akili. Wengine wengi walifungua kesi mwaka uliofuata. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa dai hilo. Desemba ya mwaka huo ilijulikana kwamba daktari mkuu wa afya ya akili katika hospitali ya Kenyatta, Ian Kanyanya, amewapima zaidi ya 140 miongoni mwao kwa ajili ya kesi hiyo, akawakuta wana maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko, aina ile wanayorudi nayo askari kutoka vitani.