Sanamu Katika Nyumba Zetu

Siku moja tulialikwa chakula kwa Mkristo mmoja huku Bukavu, upande wa Nguba. Juu ya kabati, karibu na picha ya Bikira Maria, tuliona sanamu ya shaba: mwanamke amesimama, shingo ndefu, mtungi kichwani. Mwenye nyumba aliinunua Kinshasa. Shemeji yake hakuipenda hata kidogo. "Mwalimu," akatuambia, "haya si mambo ya kipagani?" Tulipokuwa tungali tunatafuta jibu, mzee mmoja Mrega, mtu wa Mwenga, akacheka, akamwuliza mwenye nyumba: "Sanamu yako inasema nini?" Naye akajibu: "Mzee, ni nzuri tu." Mzee akanyamaza, akaendelea kula.

Swali lile halikutuacha. Wengi wadhani kwamba kuweka sanamu nyumbani ni desturi ya Wazungu matajiri. Sivyo. Ushuhuda uko karibu nasi, katika njia ya kwenda Mwenga na Shabunda (naye atakayesafiri njia hiyo wakati wa mvua, asisahau rozari yake).

Warega walikuwa na chama kiitwacho Bwami. Mtu alipanda humo ngazi kwa ngazi, kwa msaada wa jamaa zake na kwa kutoa mali nyingi. Walio juu waliitwa Yananio, na juu yao Kindi. Wake nao waliingizwa, wakawa na vyeo vyao pamoja na waume zao. Kila ngazi ilikuwa na mafundisho yake, na mafundisho yalikuwa na vitu vyake: vinyago vidogo vya mti, na sanamu za pembe za ndovu. Sanamu moja huitwa iginga, nyingi ni maginga. Zilizo nyingi zatosha kushikwa kwa mkono mmoja.

Maginga hayakuuzwa sokoni. Mtu aliyapokea kwa kuingizwa katika cheo, akayatunza nyumbani kwake, akayapaka mafuta tena na tena hata yakawa laini na kung'aa kwa wekundu. Alipokufa, yalimpasa jamaa aliyestahili kushika nafasi yake. Siku ya mafundisho yalitolewa, yakapangwa chini, watu wakacheza nayo, na kila moja likasemewa methali yake. Iko sanamu moja yenye vichwa vingi, jina lake Sakimatwematwe: huyo ni mwenye hekima atazamaye pande zote kabla ya kukata shauri. Nyingine zilionyesha tabia mbaya, ili mtu azione na kuziepuka. Sisi tuliozoea kufundisha katekisimu kwa picha ukutani, twakiri kwamba njia hiyo haikuwa ngeni katika nchi hii.

Serikali ya Wabelgiji iliona Bwami kama serikali ndani ya serikali, na mwaka 1948 ikaipiga marufuku. Wamisionari wengi nao hawakuipenda. Hatutaki kuficha neno hilo katika gazeti la Kanisa. Katika Bwami yalikuwamo mambo ambayo Mkristo hawezi kuyafuata, lakini pamoja na magugu iling'olewa ngano nyingi. Sanamu nyingine zilifichwa, nyingine zikauzwa kwa fedha kidogo. Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kati ya Warega tangu 1952 hata 1954, aliwasikiliza wazee na kuandika maana ya sanamu na methali zake. Kitabu chake juu ya utamaduni wa Warega kilitolewa mwaka 1973.

Sanamu zenyewe zilikwenda mbali. Nyingi zimo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwamerika Jay Last, mtaalamu wa elektroni, alianza kuzikusanya miaka ya 1960, akakaa nazo kwake, hatimaye akatoa sehemu kubwa kwa makumbusho ya Fowler huko Los Angeles. Alizipenda kweli, wala hatumlaumu. Lakini fikirini: mtoto wa Mrega akitaka kumwona Sakimatwematwe, huenda ikambidi aombe viza.

Basi turudi kwa mama yule wa shaba. Je, yeye si mgeni? Tangu karne ya 16 mafundi wa ufalme wa Kongo walikuwa wakisubu misalaba ya shaba, Bwana Yesu akiwa na uso wa Mkongo. Machifu waliishika kama alama ya mamlaka na kuwarithisha waliowafuata. Katika siku zilizo karibu nasi, Frère Marc-Stanislas, mtawa wa Shule za Kikristo, alianzisha shule ya sanaa ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa. Mwaka ule ule wa 1943 alizaliwa Alfred Liyolo, ambaye alijifunza hapo, akaendelea Austria, akarudi kufundisha. Sanamu zake za bronzi ziliingia katika nyumba nyingi kabla hajafariki mwaka 2020.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Shaba twajua yatoka Katanga, na mawe ya bati huchimbwa hapa Kivu na Maniema, katika nchi ya Warega wenyewe! Fundi huunda umbo la nta, hulifunika kwa udongo unaostahimili moto, kisha hulichoma. Nta huyeyuka na kutoka, na mahali pake humiminwa bronzi iliyoyeyuka. Rangi ya nje, ya kahawia au ya kijani, huwekwa mwishoni kwa dawa na moto. Hapo yatupasa kukiri kosa letu. Tulipokuwa vijana tulipewa kazi ya kusafisha msalaba wa bronzi. Tukausugua kwa majivu na ndimu hata ukawa wa manjano kama sufuria mpya, tukingoja kusifiwa. Hatukusifiwa. Kitambaa kikavu chatosha.

Anayetaka kununua ainyanyue kwanza: simenti iliyopakwa rangi haina uzito ule, wala haitoi mlio ikigongwa kwa kucha. Atafute jina la fundi chini yake, na hesabu ya nakala zilizosubiwa. Lakini zaidi ya yote amwulize fundi, maadamu yu hai, lile swali la mzee wa Mwenga.

Mwenye nyumba wetu alifanya hivyo. Alimpigia simu fundi wake, naye akamweleza kwamba mwanamke yule hajatoka mtoni, bali ndiyo kwanza anakwenda. Tulipokutana tena wakati wa Pasaka, mzee alisimama mbele ya kabati, akainua miguu, akachungulia ndani ya mtungi.