Mnara wa Taa na Watu wa Makafi: Jamestown, Accra, 1871–1962

Mgeni anayefika Jamestown, mtaa mkongwe wa pwani jijini Accra, Ghana, kwa kawaida hupelekwa kwanza kwenye mnara wa taa. Mnara uliopo sasa, wenye mistari myekundu na myeupe na urefu wa mita 28, ulijengwa miaka ya 1930 mahali pa ule wa mwaka 1871. Kutoka juu yake huonekana ngome ya James iliyojengwa na Waingereza mwaka 1673, paa za mabati zilizobanana kuelekea Bukom, na chini kabisa, ufuoni, mitumbwi ya wavuvi. Ziara huanzia juu ikashuka chini, na maandishi mengi kuhusu mtaa huo yamefuata mkondo uleule: ngome kwanza, kisha mnara, kisha utawala, na wavuvi mwishoni kama pambo la mandhari.

Mpangilio huo unapotosha. Waga walikuwa wakiishi na kuvua katika pwani hiyo kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa. Hata jina walilolipa eneo lililozunguka ngome, Ngleshie, linatokana na jina la Waingereza na linaonyesha jinsi wenyeji walivyowapokea wageni ndani ya ramani yao wenyewe. Jirani yake ni Ussher Town, iliyokua kando ya ngome ya Waholanzi ya mwaka 1649. Kila ngome ilihitaji watu wa kuifikia kutoka baharini, na watu hao hawakutoka Ulaya.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Accra haikuwa na bandari kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Pwani yake iko wazi, haina ghuba wala mlango wa mto mkubwa wa kuikinga, na mawimbi hupasuka karibu na ufuo mwaka mzima. Meli zilitia nanga mbali, nazo shehena na abiria vikavushwa kwa mashua zilizoendeshwa kwa makafi. Mwenye kujua wimbi lipi lisubiriwe na lipi lipandwe alikuwa mvuvi, kwa kuwa ujuzi huo ulikuwa ndio riziki yake ya kila siku. Taa ya mwaka 1871 iliweza kumwambia nahodha kwamba Accra iko pale, lakini haikuweza kumfikisha nchi kavu. Baada ya Waingereza kuhamishia hapo makao makuu ya koloni kutoka Cape Coast mwaka 1877, utegemezi huo uliongezeka. Kufikia mwaka 1911 Gold Coast iliongoza duniani kwa kuuza kakao nje, na magunia yaliyopitia Accra yalivushwa mawimbi kwa nguvu za mikono. Ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 haukubadili hali hiyo: meli ziliendelea kusubiri mbali, na mashua zikaendelea kwenda na kurudi.

Pamoja na kuwategemea watu hao, serikali ya kikoloni haikuyathamini makazi yao. Tauni ilipozuka mwaka 1908, nyumba zilibomolewa na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Korle Gonno, ng'ambo ya wangwa wa Korle. Afya ya umma ilikuwa sababu ya kweli. Hata hivyo, kumwondoa mvuvi ufuoni ni kumwondoa kwenye chombo chake na kumtenga na wanawake wanaonunua samaki wake, kuwabanika kwa moshi na kuwapeleka sokoni. Uchumi huo wa wanawake haumo katika ramani za wapimaji, ingawa ndio uliolisha mji.

Bandari ya kina kirefu ya Tema ilipofunguliwa mwaka 1962, kazi ya kuvusha shehena Accra ilikoma. Maghala ya wafanyabiashara yalianza kuchakaa. Uvuvi, ambao haukuwahi kutegemea meli, ulibaki. Mwiko wa kutovua siku ya Jumanne, ambao Waga huuheshimu kwa ajili ya bahari, uliendelea kupanga wiki ya mtaa. Sikukuu ya Homowo, ya kuizomea njaa, iliendelea kupanga mwaka.

Mwaka 2020 vibanda na makazi ya wavuvi chini ya mnara vilibomolewa kupisha ujenzi wa bandari ya kisasa ya uvuvi iliyofadhiliwa na China. Mradi ulitangazwa kuwa kwa manufaa ya wavuvi wenyewe. Mnara haukuguswa.