Wabeba Lawama: Historia ya Majina ya Kiingereza kwa Watu Wanaolaumiwa

Lugha ya Kiingereza ina majina mengi ya mtu anayetupiwa lawama, na mengi kati yake yalianza kama vitu vya kushikika: mnyama wa ibada, mchezo wa gulioni, chuma juu ya paa. Kongwe na maarufu zaidi ni scapegoat, ambalo kwa Kiswahili ni mbuzi wa kafara au bangusilo.

Asili yake ni ibada ya Siku ya Upatanisho, iliyoelezwa katika sura ya 16 ya Mambo ya Walawi. Mbuzi wawili waliletwa mbele ya Kuhani Mkuu, naye akawapigia kura. Mmoja alichinjwa kuwa sadaka ya dhambi. Wa pili alikuwa wa Azazeli: kuhani alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama makosa ya Waisraeli, kisha mnyama huyo akapelekwa jangwani. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa mwanzoni mwa karne ya 3, inasimulia jinsi ibada hiyo ilivyofanyika enzi za Hekalu la Yerusalemu. Mbuzi hao walitakiwa kulingana kwa sura, kimo na bei, na kununuliwa kwa pamoja. Yule wa Azazeli alifungwa kichwani uzi wa sufu nyekundu. Njiani palikuwa na vibanda 10, na katika kila kimoja aliyemswaga alikaribishwa chakula na maji. Safari iliishia kwenye genge, ambako mbuzi alisukumwa kinyumenyume akaporomoka.

Katika ibada hiyo hakuna aliyedai kwamba mbuzi ana hatia. Alipatikana kwa kura, na makosa aliyobebeshwa yalitajwa kwa sauti kuwa ni ya watu wenyewe.

Neno la Kiingereza lilibuniwa na William Tyndale katika tafsiri yake ya Torati iliyochapwa mwaka 1530. Tyndale hakulichukua neno Azazeli kuwa jina, bali alilielewa kuwa ni mbuzi anayeachiwa aende zake, akaunda neno lenye maana ya mbuzi aponyokaye. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ikalihifadhi. Kufikia karne ya 19 lilikwisha zoeleka nje ya kanisa, likimtaja mtu anayebebeshwa makosa ya wengine. Mzigo ulibaki, lakini maungamo yaliachwa nyuma.

Kisa cha Admirali John Byng kinaonyesha mzigo huo ulivyokuwa. Mwaka 1756 alitumwa kukinusuru kisiwa cha Minorca kisitekwe na Wafaransa, akiwa na meli zilizopungukiwa mabaharia na nyingine zikihitaji matengenezo. Pambano la Mei 20 halikuwa na mshindi dhahiri. Byng alirudi Gibraltar, na mwezi uliofuata kisiwa kikatekwa. Wananchi wa Uingereza waliwaka hasira, wakachoma sanamu zake mitaani, na serikali iliyochelewa kumtuma ikaziacha hasira hizo zimwelekee yeye. Mahakama ya kijeshi haikumwona kuwa mwoga, ila ilimtia hatiani kwa kutofanya kila lililowezekana, kosa ambalo adhabu yake kisheria ilikuwa kifo. Mahakimu wenyewe waliomba asamehewe; Mfalme George II alikataa. Machi 14, 1757, huko Portsmouth, Byng alipiga magoti juu ya mto kwenye sitaha ya meli Monarch, akadondosha leso kuwa ishara, na askari wakafyatua risasi. Hakuna waziri aliyeshtakiwa.

Jina la pili, whipping boy, ni la kijana anayechapwa kwa niaba ya mwana wa mfalme, kwa kuwa mwalimu hakuthubutu kumgusa mwana huyo. Barnaby Fitzpatrick, rafiki wa utotoni wa Edward VI, hutajwa kuwa mmoja wao. Wanahistoria wengi wana shaka kama desturi hiyo ilikuwapo, kwani masimulizi yake yaliandikwa baadaye, ukiwemo mchezo wa kuigiza wa Samuel Rowley uliochapwa mwaka 1605. Hata hivyo jina lilidumu, likimhusu mnyonge anayeadhibiwa kwa sababu mkosaji haguswi.

Aunt Sally lilitoka magulioni katika karne ya 19. Kichwa cha mbao cha mwanamke kilisimamishwa kikiwa na kiko mdomoni, na wachezaji walikitupia vijiti ili wakivunje kiko. Mchezo huo, kwa sura iliyobadilika, bado unachezwa katika baa za Oxfordshire. Katika siasa, jina hilo ni la mtu au hoja iliyosimamishwa ili ishambuliwe tu.

Marekani ilichangia lightning rod, yaani kinga radi, uvumbuzi wa Benjamin Franklin wa miaka ya 1750. Waziri anayepokea ukosoaji ambao ungemwangukia rais huitwa hivyo, na huenda amekubali kazi hiyo akijua. Patsy ni kinyume chake: mtu aliyeingizwa mtegoni bila kufahamu. Lee Harvey Oswald alijiita hivyo mbele ya waandishi wa habari mjini Dallas, Novemba 22, 1963, baada ya kukamatwa kuhusiana na mauaji ya Rais Kennedy.

Majina haya yanatofautiana, lakini si ya mkosaji wa kawaida anayelipia kosa lake mwenyewe. Anayemwita mtu mbuzi wa kafara amekwisha kusema kwamba mwenye kosa yuko kwingine na bado hajaungama.