Asiyekubali Kushindwa: Wakubwa na Michezo Yao

Nchi ya Rufiji imebeba majina mawili makubwa. La kwanza ni la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi vitani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, naye akiwa na umri wa miaka 65. Pori kubwa la akiba likaitwa kwa jina lake. La pili ni la Julius Nyerere. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa hifadhi ya taifa na kupewa jina lake, na bwawa la umeme lililojengwa juu ya mto nalo likaitwa vivyo hivyo. Kutoka huko maji huteremka hadi Kibiti, yakagawanyika katika mikono ya delta, penye mikoko iliyotoa boriti za nyumba za Unguja na Arabuni.

Ya bunduki na ya siasa yamekwisha kuandikwa mengi. Ya mchezo yameandikwa machache, ilhali mchezo ni mizani nzuri ya kumpimia mkubwa, kwani hapo ndipo aghalabu hukutana na mtu anayeweza kumshinda.

Selous alikuwa na sahibu mashuhuri, Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani tangu 1901 hadi 1909. Ndiye aliyesaidiwa na Selous kupanga safari ya uwindaji iliyomfikisha Mombasa mwezi Aprili 1909. Roosevelt alipenda tenisi, na watu aliocheza nao katika uwanja wa ikulu, akiwamo Jusserand, balozi wa Ufaransa, waliitwa Baraza la Tenisi. Kwa ustadi hakuwa bingwa: macho yake yalikuwa mabovu, na nguvu zake zilizidi ufundi wake. Hata hivyo hakukubali kupigwa picha akiushika mchezo huo. Mwaka 1908 alimwonya William Taft, aliyekuwa akiwania urais, kwamba picha ya mtu juu ya farasi haina neno, lakini ya tenisi haifai, na ya gofu huangamiza. Alichelea wapigakura wasije wakaona kuwa kiongozi wao anacheza mchezo wa matajiri.

Mchezo wa mwambao hauna haja ya kufichwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za mmea wa miiba utambaao pembezoni mwa bahari. Kwanza wachezaji hunamua, wakiingiza kete za mkononi moja moja. Zikiisha, huingia mtaji. Hapana dadu wala karata iliyofichwa. Anayejifunza huona shimo moja. Fundi huziona kete zikizunguka mpaka zilale, kabla hajagusa hata moja. Alexander de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi aliyewachunguza mafundi wa Unguja katika miaka ya 1990, aliiita tasnifu yake kwa maneno yenye maana ya mipaka ya akili.

Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na picha zimemwonyesha akiinama juu ya mashimo. Lakini cheo cha fundi hakitolewi na serikali. Hutolewa na watazamaji wa barazani, ambao huona kila kete na kila kosa. Rais akikaa mbele ya bao, amekubali kuonekana.

Kuonekana huko kuna gharama. Tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume alikuwa akicheza bao katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui, wauaji walipomwingilia na kumpiga risasi. Alikuwa amekaa kama Mzanzibari yeyote akaavyo jioni, pamoja na wenzake.

Basi je, mtu hutawala kama achezavyo? Rufiji inatoa jibu gumu. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali ya Nyerere iliwahamisha wakazi wa bonde la mto, ikawapeleka mahali pa juu katika vijiji vya ujamaa. Walisalimika na maji, lakini mashamba ya mpunga yalibaki bondeni, na wakulima wakawa wanayafuata kwa mwendo mrefu. Katika bao, kila mtu husogeza kete akijua kuwa zamu ya mwenzake inakuja. Katika operesheni ile mkono ulikuwa mmoja, na zamu ya pili haikuwako.

Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Roosevelt alificha raketi yake asije akapoteza kura. Nyerere hakulificha bao lake. Kilichokosekana ni kuichukua adabu ya barazani, ya kumngoja mwenzako acheze, na kwenda nayo mpaka bondeni Rufiji.