Bei ya Nafaka na Thamani ya Nafsi: Hoja ya Basili wa Kaisaria

Kuna dai ambalo limerudiwa mara nyingi hata likaonekana halihitaji tena ushahidi, nalo ni kwamba mafundisho ya Kikristo yanayoipa nafsi ya mtu thamani kupita mali yote ya ulimwengu hayana kazi ila kumtoa mtu duniani: humwambia fakiri avumilie, humfariji tajiri kwa maneno, na mizani ya soko huiacha pale pale ilipokuwa. Karl Marx aliliandika kwa ukali mwaka 1844, na tangu hapo wengi wamelikariri bila ukali wake wala uchunguzi wake. Upande wa pili wamesimama wahubiri wa injili ya mafanikio, ambao badala ya kulijibu dai hilo wamelikimbia, wakafundisha kwamba mali ndiyo alama ya nafsi iliyobarikiwa, na kwamba apandaye mbegu ya fedha madhabahuni atavuna fedha. Pande hizi mbili, pamoja na uadui wao, zaafikiana katika jambo moja: kwamba swali la Yesu katika sura ya 8 ya Injili ya Marko, juu ya faida ya mtu aupataye ulimwengu wote akaipoteza nafsi yake, ni swali la faragha baina ya mtu na Mola wake, lisilogusa bei ya kitu chochote kiuzwacho. Makala haya yanakusudia kuupinga mwafaka huo.

Kwamba mali hupita, hapana ikhtilafu. Mhubiri alilisema, Ayubu akalionja, na msomaji wa pwani hangoji kufundishwa na Wakristo, maana Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, akauonya moyo wake kwa ufasaha ambao ni wahubiri wetu wachache waliopata kuufikia. Walakini hoja ya kufani kwa mali, ikisimama peke yake, yamfaa mwenye mali tu: yamtahadharisha na hasara yake mwenyewe, wala haimtaji aliyelala na njaa nje ya jumba lile siku taa zake zilipokuwa zingali zinawaka.

Ikhtilafu huanza pale inapoulizwa mali huipotezaje nafsi. Klementi wa Aleksandria, katika hotuba yake juu ya tajiri gani aokokaye, akifasiri habari za yule mtu wa Marko 10 aliyeagizwa auze alivyo navyo, alijibu kwamba kinachopasa kutupwa ni tamaa zilizomo moyoni wala si mashamba. Maana mali ni chombo tu, chema mkononi mwa mwema na kiovu mkononi mwa mwovu, tena ikiwa hapana aliye na kitu, nani atamlisha mwenye njaa? Jawabu hili limependwa mno, na sababu ya kupendwa kwake ni dhahiri, kwani lamruhusu msikilizaji aondoke kanisani akiamini kwamba amekwisha kutii, ilhali hakuna kilichohama kutoka mkono mmoja hata mwingine. Namstahi Klementi, ambaye mwenyewe alihimiza kutoa, na kwa nguvu. Lakini wanaomtegemea leo huishika nusu ya kwanza ya hoja yake na kuiacha nusu ya pili, na hoja inayokatika kwa wepesi namna hiyo ina kasoro katika mshono wake. Antoni wa Misri alijibu kwa vitendo: alipoyasikia maneno ya Mathayo 19 yakisomwa kanisani, aliwaachia wanakijiji wenzake ardhi ya urithi wake, arura 300 kwa hesabu ya Athanasi aliyeandika maisha yake, na fedha ya vyombo vilivyouzwa akawapa maskini. Hata hivyo masimulizi ya maisha yake yamfuata yeye jangwani. Hayawafuati maskini wale majumbani mwao.

Basili wa Kaisaria aliwafuata. Kaisaria ya Kapadokia, ambayo leo ni Kayseri nchini Uturuki, iko bara, mbali na bahari. Na Gregori wa Nazianzo, rafiki yake tangu siku za masomo ya Athene, katika hotuba ya kumwomboleza aeleza kwamba miji ya pwani huweza kuustahimili upungufu kwa kutoa kilichowazidi na kupokea cha ng'ambo, bali mji wa bara haufaidi ziada yake wala hauna dawa ya uhaba wake. Yapata mwaka 368 au 369 ukame uliingia, na baada ya ukame njaa, na waliokuwa na nafaka wakaifungia wakiingoja bei. Basili, ambaye wakati huo alikuwa kasisi na uaskofu ungali mbele yake hata mwaka 370, alipanda mimbarini kuufasiri mfano wa Luka 12, wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana hata akaazimu kuyabomoa maghala yake na kujenga makubwa zaidi. Na hotuba hiyo wataalamu wengi huihusisha na njaa ile.

Jambo la kutazamwa kwanza ni kwamba tajiri wa mfano huo hashitakiwi wizi. Ardhi ndiyo iliyozaa, mavuno yalikuwa halali, na habari yote yaanza kwa mtu aliyemtaka Yesu aamue haki yake ya urithi baina yake na nduguye, jambo ambalo mahakama yoyote ingelipokea. Ajabu ya mfano ni upweke wake: mtu huyu hujiuliza mwenyewe, hujijibu mwenyewe, na nafsi yake huifanya msikilizaji wa pekee wa shauri lake. Basili hakujishughulisha kupima kama mtu huyo aliipenda mali kupita kiasi. Aliuliza nafaka iko wapi na ni ya nani. Akafundisha kwamba mkate uliofungiwa ni wa mwenye njaa, na nguo iliyokunjwa sandukuni ni ya aliye uchi, na kwamba mwenye kuvizuia amewadhulumu watu wote ambao angeweza kuwafaa. Hapa hoja imetoka moyoni ikaingia ghalani, na sioni njia ya kuirudisha ilikotoka bila kuivunja.

Lakini mahali pazito kuliko pote katika hotuba hiyo ni pale anapomleta baba asiye na kitu. Mtu huyu amekwisha kuvitazama vyombo vya nyumba yake na kuona kwamba thamani yake haitoshi. Basi awageukia watoto wake, awapeleke sokoni ili kwa kumuuza mmoja asiyaone mauti ya wote. Amtoe nani? Wa kwanza ana haki ya uzawa wake. Wa mwisho ni mdogo, hajui hata msiba wenyewe ni nini. Huyu ana sura ya wazazi wake, yule ana wepesi wa elimu. Akikaa na wote, wote watakufa. Akimtoa mmoja, atawatazamaje waliosalia? Hatimaye aenda kwa machozi kumuuza ampendaye, na mnunuzi mwenye nafaka hashituki, bali abishania bei, ataka apewe zaidi kwa kutoa kidogo. Ambrosi wa Milano aliichukua picha hiyo katika kitabu chake juu ya Nabothi, na sidhani alivutwa na uchungu wake tu. Ndani yake yaonekana jinsi bei ya nafaka inavyopanda kwa kuzuiwa, na jinsi kwa kupanda huko huko thamani ya mtoto inavyoshuka, hata vikutane katika mizani moja. Na nabii Amosi, katika sura yake ya 8, alikuwa amekwisha kuwataja pamoja wafanyaji biashara wanaoipunja nafaka na wanaomnunua maskini kwa jozi ya viatu.

Gregori wa Nisa, mdogo wake Basili, aliifikisha hoja hiyo mahali ambapo kaka yake hakufika. Katika hotuba zake juu ya Mhubiri, za yapata mwaka 380, akifika kwa yule anayejifaharisha kwa watumwa aliowanunua, aliuliza ni kiasi gani cha fedha kinacholingana na aliyeumbwa kwa sura ya Mungu. Na ushahidi wake ulikuwa neno lile lile la Injili, kwamba ulimwengu wote hautoshi kuwa badala ya nafsi. Basi neno ambalo sisi tumelizoea kama onyo kwa mtu juu ya nafsi yake mwenyewe, Gregori alilisoma kuwa hukumu juu ya hati ya mauzo ya nafsi ya mwingine.

Itasemwa kwamba Yusufu naye alijenga maghala Misri, na Maandiko yamsifu. Pingamizi hili ni la haki, na aliyelijibu ni Gregori wa Nazianzo: alipomfananisha Basili na Yusufu alitofautisha, akisema kwamba Yusufu alipata faida katika njaa ile na Misri akainunua, ilhali Basili, aliyewapikia wenye njaa na kuwahudumia kwa mikono yake, hakutafuta chochote. Itasemwa pia kwamba Basili mwenyewe hakuupiga vita utumwa, na kwamba barua zake zaonyesha alivyoendelea kutunzwa kwa mali ya wazazi wake, watumwa wakiwamo. Ni kweli, na hilo lauhukumu mwenendo wake kwa kipimo alichokitoa yeye mwenyewe, wala halikiondoi kipimo.

Kwetu sisi wa pwani habari hii si ya mbali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash alitia sahihi, na mahali pake Askofu Edward Steere akajenga kanisa kuu. Mapadre wa Roho Mtakatifu, kabla na baada ya kufika Bagamoyo mwaka 1868, walitoa fedha kuwakomboa watoto sokoni, tendo la huruma ambalo hata hivyo liliikubali kwanza bei ya muuzaji ndipo likaikana. Karne moja baada yao, mwaka 1970, Julius Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll huko Marekani kwamba mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na kwamba yeye hakubali kumfikiri Mungu aliye fukara na dhalili. Sidai kwamba alikuwa na Gregori wa Nisa mkononi. Nadai kwamba hoja ni moja.

Nao wanaoihubiri injili ya mafanikio wana swali la kujibu ambalo ni zito kuliko lile la tamaa. Mjane anayeahidiwa uponyaji wa mwanawe akitoa akiba yake ya mwisho amerudishwa penye mizani ya yule baba wa Kapadokia, tena mara hii mizani imesimikwa madhabahuni. Wala makanisa yetu ya zamani, yenye sikukuu za mavuno na minada ya mazao yaliyotolewa, hayajasalimika. Katika vijiji vyetu vingi mkulima mwenye dhiki huuza mahindi yake yangali mashambani, kwa bei ya mnunuzi, naye mnunuzi huyafungia hata miezi ya njaa ifike, kisha humwuzia mkulima yule yule kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Mlanguzi huyo aweza kuwa mtu mpole, mtoaji wa fungu la kumi, asiye na fahari wala ulevi, na moyo wake ukipimwa kwa kipimo cha Klementi huenda usionekane na doa. Luka 12 inaposomwa mbele yake, sioni kwa haki gani kasisi humpa jawabu la Aleksandria na kumficha lile la Kaisaria.